Ndege Gani Yule? Kumtambua ndege mbuai kwenye picha ya mbali, Buffalo

Picha inaingia kwenye kundi la WhatsApp la ukoo: anga la kijivu, nguzo ya taa, na juu ya nguzo donge la kahawia. Aliyeipiga ameandika, "Tai, Bailey Avenue, leo asubuhi." Mjomba aliyeko Uvira anajibu kwamba huyo ni mwewe, ndiye anayemaliza vifaranga. Mpwa anayesoma sekondari anasema ameiuliza simu, na simu imetaja jina lingine kabisa. Mabishano ya namna hii hayaishi kwa sababu kila mmoja ameanza na rangi, na rangi ndiyo kitu cha kwanza kupotea kwenye picha ya mbali. Umbo halipotei upesi hivyo. Ukijua kulisoma umbo, donge lile lile linakupa jibu, au walau nusu ya jibu unayoweza kuisimamia mbele ya watu.

Mwongozo huu ni wa wasomaji wa Kensington-Bailey na mitaa ya jirani. Wengi wetu tulifika hapa kutoka Kongo, Burundi na Somalia, tukipitia Tanzania na Kenya, na ndege tunaowafahamu kwa majina ni wa kule. Wa hapa wana ndugu zao kule, lakini wengi si wale wale. Majina yao ya Kiingereza nimeyaacha kama yalivyo, maana ndiyo utakayoyaandika kwenye simu unapotafuta.

KWA NINI UMJUE

Sababu ya kwanza ni kuku. Mji wa Buffalo unaruhusu kufuga kuku majike nyuma ya nyumba kwa leseni, na mfugaji akiona kivuli kinapita juu ya banda anataka kujua kama ana adui. Si kila ndege mbuai ni adui wa kuku. Turkey Vulture, yule mkubwa mweusi anayeelea bila kupiga bawa, hula mizoga, kwa hiyo kuku wako hai hawamhusu. American Kestrel ni mdogo kama tetere na chakula chake ni panzi, panya na ndege wadogo. Lakini Cooper's Hawk na Red-tailed Hawk wanaweza kuua kuku, na dawa yao ni wavu juu ya banda, wala si jiwe. Ukijua ni nani aliyetua kwenye uzio, unajua kama usiku huo ulale au ukanunue wavu.

Sababu ya pili ni sheria. Sheria ya shirikisho iitwayo Migratory Bird Treaty Act, ya mwaka 1918, inakataza kuwaua, kuwakamata au kuwafuga ndege hawa bila kibali. Inakataza hata kuokota manyoya yao na kuyaweka nyumbani. Kwa tai kuna sheria nyingine ya pekee, ya mwaka 1940, na adhabu zake ni kali. Waambie watoto mapema, kwa sababu unyoya mzuri ulioanguka bustanini hauonekani kama kosa.

Sababu ya tatu ni kwamba mtaa wetu una jambo ambalo wengi wanaopita Bailey kila siku hawalijui. Kwenye kampasi ya kusini ya University at Buffalo, ile ya upande wa Main Street, kuna mnara uitwao Mackay. Juu ya mnara huo kozi aina ya Peregrine Falcon wametaga na kulea makinda, na chuo kimewahi kuwaonyesha watu kiota hicho moja kwa moja kwa kamera. Kufikia katikati ya miaka ya 1960 kozi hawa walikuwa hawazaliani tena popote mashariki ya Marekani. Sumu ya DDT iliyonyunyiziwa mashambani iliingia kwa wadudu, ikapanda kwa ndege wadogo, ikafika kwa kozi anayewala, na maganda ya mayai yake yakawa membamba hata yakapasuka chini ya mama aliyeatamia. Mwaka 1970 Tom Cade alianzisha Peregrine Fund kwenye Chuo Kikuu cha Cornell, humu humu katika jimbo la New York, akazalisha kozi kwenye vizimba na kuwaachia porini. DDT ikapigwa marufuku mwaka 1972. Mwaka 1999 serikali ya shirikisho ikamwondoa kozi huyu kwenye orodha ya viumbe walio hatarini. Kwa hiyo donge unaloliona kwenye ukingo wa mnara ule, ukitoka dukani na mifuko yako, lina historia kubwa. Linastahili kutajwa kwa jina lake sahihi.

KISANDUKU CHA KWANZA: WA KUTARAJIWA

Kazi ya utambuzi huwa nyepesi ukijua nani anaishi hapa. Sahau kwanza ndege wote wa dunia, uanze na hawa.

• Red-tailed Hawk. Ni jamii ya shakivale: mnene, mabawa mapana, mkia mfupi. Mabawa yakikunjuliwa hufika sentimita 115 hadi 130. Yupo mwaka mzima. Mtafute juu ya nguzo za taa za barabara ya Route 33, ile Kensington Expressway, na kwenye miti mikubwa ya makaburi ya Forest Lawn.

• Cooper's Hawk. Ni kipanga wa mtaani: mabawa mafupi ya mviringo, mkia mrefu. Dume ni mdogo sana kuliko jike, na jike hukaribia ukubwa wa kunguru. Yupo mwaka mzima, na kazi yake ni kuwinda njiwa na kwezi.

• Sharp-shinned Hawk. Umbo lake ni lile lile la Cooper's, ila mwili ni mdogo zaidi. Huonekana hasa majira ya kuhama na wakati wa baridi.

• Peregrine Falcon. Kozi mwenye mabawa yaliyochongoka, kifua kipana na uso wenye alama nyeusi kama ndevu. Mabawa yake ni kama mita 1 kutoka ncha hadi ncha. Hupenda minara na majengo marefu.

• American Kestrel. Kozi mdogo kabisa. Hukaa kwenye waya kandokando ya viwanja na mashamba.

• Turkey Vulture. Mweusi, mabawa karibu mita 1.7, huyainua kama herufi V na kuyumba-yumba hewani. Wengi hurudi mwezi wa Machi na kuondoka kabla ya theluji.

• Bald Eagle. Mabawa yake ni kama mita 2. Makao yake ni Mto Niagara na Ziwa Erie, lakini hupita juu ya mitaa.

• Osprey. Mla samaki. Mabawa yake ni marefu, yamekunjwa kidogo kama herufi M. Huja wakati wa joto.

Orodha hii haina uzito sawa. Picha ikiwa imepigwa Kensington-Bailey mwezi wa Januari na hujui pa kuanzia, anza na Red-tailed na Cooper's. Anayetaja jina lingine ndiye atoe ushahidi. Ndege wa msimu wapo pia: Snowy Owl, bundi mweupe, hufika ufukweni mwa ziwa baadhi ya miaka kukiwa na baridi, na Rough-legged Hawk hushuka kutoka kaskazini kuwinda kwenye viwanja vilivyo wazi. Hao uwaweke akilini, lakini wasiwe wa kwanza kutajwa.

HATUA KWA HATUA

1. Andika mahali, tarehe na saa kabla ya kuikuza picha. Ukiikuza kwanza, jicho linaanza kuona linachotaka. Mahali na tarehe peke yake hufuta nusu ya orodha: Osprey hakai Buffalo Januari maji yakiwa yameganda, na Kestrel si wa kumtarajia katikati ya maegesho yaliyojaa magari.

2. Tafuta picha ya asili. WhatsApp hubana picha ili isafiri haraka, na kinachopotea ni vile vistari vidogo unavyovihitaji. Mwambie aliyeipiga aitume kama hati, si kama picha, au aitume kwa barua pepe. Picha iliyopigwa kutoka kwenye skrini ya simu nyingine haina thamani kwa kazi hii.

3. Itazame picha nzima bila kuikuza. Fumba macho kidogo hadi ndege abaki kivuli. Uliza: ni mnene au mwembamba? Ameketi wima au ameinama? Amejificha kwenye matawi, au amekaa peupe anapoonekana na kila mtu? Cooper's hupenda kujificha. Red-tailed hakai kwa aibu.

4. Kama anaruka, soma mambo matatu kwa mpangilio huu.
   Kwanza, ncha za mabawa. Zikichongoka ni upande wa kozi. Zikiwa pana na zenye vidole ni upande wa shakivale, tai au tumbusi.
   Pili, mkia. Chukua ukingo wa karatasi, uuweke kwenye skrini, na utie alama upana wa bawa pale linapoungana na mwili. Hamishia kipimo hicho kwenye mkia. Mkia ukiwa sawa na upana wa bawa au mfupi kidogo, elekea kwa Red-tailed. Ukiuzidi waziwazi, elekea kwa Cooper's au Sharp-shinned.
   Tatu, kichwa. Kichwa cha Cooper's hutokeza mbele ya mabawa, cha Sharp-shinned huzama katikati ya mabega. Cha Turkey Vulture ni kidogo mno hata kwa mbali ndege huonekana kama hana kichwa.

5. Kama ameketi, tazama ncha za mabawa zinaishia wapi juu ya mkia. Hiki ndicho kipimo ninachokiamini kuliko vyote kwenye picha ya ndege aliyetua. Kwa Cooper's, mabawa huishia karibu na nusu ya mkia, na kipande kirefu cha mkia huning'inia chini peke yake. Kwa Red-tailed, mabawa hukaribia ncha ya mkia. Kwa Peregrine aliyekomaa, hufika kwenye ncha yenyewe.

6. Pima ukubwa kwa kitu kilicho karibu naye. Usiseme "mkubwa" au "mdogo" kama nyuma yake kuna anga tupu. Anga halina kipimo. Lakini akiwa ameketi kwenye ukuta wa matofali una rula tayari: kwenye majengo mengi ya hapa mistari mitatu ya matofali pamoja na saruji yake ni kama sentimita 20. Hesabu mistari kutoka kichwani hadi ncha ya mkia. Kestrel atachukua kati ya mitatu na minne, Peregrine kati ya mitano na saba. Sharti ndege awe ameegemea ukuta huo huo, si tawi lililo mita kumi mbele yake.

7. Sasa ndipo uitazame rangi, tena kama sehemu nyeupe na sehemu nyeusi tu. Usitafute kahawia ya namna gani. Tafuta weusi uko wapi: ukingo wa mbele wa bawa? Tumboni? Usoni? Kichwani pote?

8. Andika jibu kwa kiwango kinachobebwa na picha. Nitalirudia jambo hili chini, kwa sababu hapo ndipo watu wengi wazuri huharibu kazi.

MFANO MMOJA, POLEPOLE

Tuseme picha imepigwa kutoka dirisha la basi, Januari, saa tatu asubuhi. Nguzo ya taa ya Route 33, theluji kando ya barabara, ndege ameketi juu kabisa ya mkono wa nguzo.

Mahali na mwezi: Red-tailed na Cooper's ndio wa kwanza. Namna ya kukaa: wima, peupe, mabega mapana, umbo kama yai lililosimama. Hiyo inamvuta kwa Red-tailed. Mkia: mfupi, na ncha za mabawa zimekaribia kufika mwisho wake. Cooper's ameshapungua nguvu. Sasa weupe na weusi: kifua ni cheupe, na chini yake tumboni kuna mshipi wa michirizi myeusi. Mshipi huo ni alama kubwa ya Red-tailed wa upande huu wa nchi, na huonekana hata picha ikiwa na ukungu. Kama angekuwa ametupa mgongo, ungetafuta madoa meupe kwenye mabega yaliyojipanga kama herufi V.

Mkia si mwekundu? Usishtuke. Wekundu huja ndege akikomaa. Mtoto wa mwaka wa kwanza ana mkia wa kahawia wenye vistari vyembamba, na watoto ni wengi kwenye barabara hizi kwa sababu majani ya kando yana panya. Ndege anabaki Red-tailed, na wewe umeongeza kitu: umesema pia umri wake.

Kama huyo huyo angeinuka na kupita juu ya gari, alama ya kutafuta ingekuwa ukingo wa mbele wa bawa, kati ya bega na kiwiko cha bawa: mstari mweusi mnene kila upande. Kati ya ndege wanaofanana naye hapa, hakuna mwingine aliye nao namna hiyo, na hubaki hata kwa watoto.

Theluji nayo inasaidia. Wakati wa kiangazi, tumbo la ndege aliye juu huwa giza kwa sababu mwanga wote unatoka mgongoni. Ardhi ikiwa nyeupe, mwanga unarudi juu na kumulika tumbo na mabawa kwa chini. Picha nyingi nzuri za Buffalo hupigwa Januari na Februari kwa sababu hiyo. Vaa glavu tu.

MAKOSA YANAYORUDIWA

Kumwona tetere ukasema kozi. Hili ndilo kosa la kawaida kuliko yote kwenye nyaya za Bailey. Mourning Dove, tetere wa hapa, ana mkia mrefu uliochongoka na hukaa kwenye waya kama Kestrel. Tazama kichwa: cha tetere ni kidogo juu ya shingo nyembamba, cha Kestrel ni kikubwa, cha mviringo, kimekaa moja kwa moja mabegani, na usoni kuna mistari miwili myeusi inayoshuka. Njiwa anayeruka kwa kasi naye huwadanganya watu wakitafuta Peregrine karibu na mnara. Njiwa mara nyingi huwa kundi zima.

Kuamini fremu moja. Red-tailed akitaka kuteleza haraka hukunja mabawa, na ncha zake huchongoka kama za kozi. Peregrine akielea hufungua mkia kama upepeo na kuonekana mpana. Ndege akigeuka, bawa moja hufupika kwenye picha. Omba fremu mbili au tatu. Kama ni moja tu, punguza uhakika wako.

Kumwita kila ndege mkubwa tai. Waliokulia Baraka, Fizi au Kigoma wanamjua furukombe wa Tanganyika, mwenye kichwa cheupe na sauti inayosikika ng'ambo ya maji. Bald Eagle ni jamaa yake wa karibu, lakini weupe wa furukombe hushuka hadi kifuani, na wa Bald Eagle huishia shingoni. Kuanzia hapo mwili wote ni kahawia nzito hadi kwenye mkia mweupe. Tena Bald Eagle hapati kichwa cheupe hadi awe na umri wa karibu miaka 5. Kabla ya hapo ni kahawia mwenye madoa meupe ovyo, na watu humwita kila jina. Kitakachokusaidia ni mabawa: huyanyoosha sawasawa kama ubao, wala hayayumbi kama ya Turkey Vulture.

Kutafuta mwewe wa nyumbani. Mwewe tuliyemzoea, anayeshuka sokoni na kunyakua kipande cha nyama, ana mkia wenye panda. Hapa Buffalo usimtarajie. Ukiona panda kwenye mkia wa shakivale wakati wa kiangazi, huenda manyoya ya katikati yameng'oka na mapya bado hayajakua. Ndege hawa hubadilisha manyoya miezi ya joto, na mapengo kwenye mabawa na mkia ni ya kawaida.

Kushindana na Cooper's na Sharp-shinned. Vitabu vinasema mkia wa Cooper's ni wa mviringo na wa Sharp-shinned ni wa mraba, na ni kweli ukiwa na picha safi. Kwenye picha ya mbali, mkia uliokunjwa au kufunguliwa hubadilisha sura yote. Ukubwa nao hauamui upesi, kwa sababu jike la Sharp-shinned hukaribia dume la Cooper's. Watu waliowatazama vipanga maisha yao yote hugombana juu ya wawili hawa. Kuandika "Cooper's au Sharp-shinned" ni jibu kamili.

KIWANGO CHA JIBU

Jibu lina ngazi tatu, na zote tatu ni za heshima.

Ngazi ya jamii: "kozi", "shakivale", "kipanga", "tai". Hii inahitaji umbo tu.
Ngazi ya jina: "Red-tailed Hawk". Hii inahitaji umbo pamoja na alama moja ya uhakika, kama mshipi wa tumboni au weusi wa ukingo wa bawa.
Ngazi ya umri au jinsia: inahitaji picha safi na fremu zaidi ya moja.

Picha ikikupa ngazi ya kwanza, usiilazimishe kupanda ya pili. Jina la kubahatisha likiingia kwenye kumbukumbu za watu wanaohesabu ndege, linawapotosha wanaotaka kujua kama kozi wanaongezeka au wanapungua. Na nyumbani, mtoto anayesikia mkubwa akisema "huyu ni kozi, wa aina gani picha haionyeshi" anajifunza namna ya kufikiri.

KUIULIZA SIMU

Programu iitwayo Merlin, ya Cornell Lab of Ornithology huko Ithaca, ni ya bure na hutambua ndege kwa picha. Itumie, lakini kwa utaratibu:

1. Fanya hatua zako nane kwanza na uandike jibu lako.
2. Kata picha ili ndege awe katikati, ukiacha nafasi kidogo pembeni.
3. Jaza mahali na tarehe kwa usahihi. Ukiiambia kwamba uko Arusha, itakutajia ndege wa Arusha.
4. Soma hata jina la pili na la tatu, si la kwanza tu.
5. Ipe fremu nyingine. Ikibadilisha jina, jibu lake la kwanza halikuwa na miguu.

iNaturalist ni nzuri kwa njia nyingine: unaweza kuweka picha na kuiacha kwenye ngazi ya jamii, kisha watu wengine wakaitazama na kutoa maoni. Picha za kiota cha kozi au cha tai usiziweke pamoja na mahali hasa kilipo, isipokuwa kama kiota kinajulikana na watu wote kama kile cha Mackay.

UKITAKA PICHA BORA KESHO

Gusa ndege kwenye skrini ya simu, kisha ongeza mwangaza kwa kidole. Anga jeupe hulazimisha kamera kumfanya ndege awe mweusi. Piga mfululizo wa picha nyingi badala ya moja. Usikuze hadi mwisho: simu za siku hizi zikikuza mno huanza kujaza manyoya ambayo hayakuwepo, na ukiitazama picha hiyo unatazama ubunifu wa mashine. Ni afadhali ndege mdogo wa kweli. Ukiwa na darubini, weka jicho la simu kwenye tundu la darubini na upige. Mkono utatetemeka mwanzoni, utazoea.

Usisimame kando ya Route 33 kupiga picha, hata kwa dakika moja. Ukiwa mtaani na kamera yako inaelekea paa la mtu, mwambie mwenye nyumba unatazama nini. Mara nyingi atatoka nje atazame nawe.

Kama unataka kuwaona wengi kwa siku moja, nenda Hamburg, kusini mwa mji, kati ya Machi na Mei. Ndege wazito wanaohama kuelekea kaskazini hawapendi kuvuka maji mapana, kwa sababu hewa ya moto inayowainua haipandi vizuri juu ya ziwa baridi. Wakifika Ziwa Erie huipinda njia na kufuata ufuko. Wahesabuji wa kujitolea hukusanyika kwenye makaburi ya Lakeside, hutazama juu kutwa nzima na hutaja majina kwa umbo tu, ndege akiwa kitone. Simama karibu nao, taja jina lako, uliza. Na wanaolima Orchard Park, kwenye shamba la Providence Farm Collective lililoanza kwa juhudi za Wabantu wa Somalia, wana kiwanja kizuri cha mazoezi: mashamba ya wazi ndiyo makao ya Kestrel na Red-tailed.

KISANDUKU CHA MWISHO: UKIMKUTA CHINI

□ Amekufa? Usimguse kwa mkono mtupu. Mafua ya ndege yamewaua ndege mbuai wengi Marekani tangu mwaka 2022, na kama una kuku unaweza kuyabeba hadi bandani kwa viatu vyako.
□ Ameumia? Mfunike kwa taulo nzito, jihadhari na kucha kuliko mdomo, na umtie kwenye boksi lenye matundu, mahali pa giza na kimya.
□ Usimpe maji wala nyama.
□ Usimtunze mwenyewe. Jimbo la New York linahitaji mtu mwenye leseni. Pigia SPCA Serving Erie County, iliyoko West Seneca, ambayo ina kitengo cha wanyamapori, au idara ya mazingira ya jimbo.
□ Piga picha kabla hujamfunika: mgongo, tumbo, mkia uliofunguka kidogo. Hao watakaompokea watakuuliza ni ndege gani.